Vidole Vimehesabiwa: Miaka Thelathini na Nane ya Mzee Nukta

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, mchoraji mkuu wa kampuni yetu ya vitabu vya shule atafunika chupa yake ya wino, atafunga dirisha la chumba cha michoro na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na nane, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi. Hizo siku kumi na moja ameziongeza mwenyewe. Idara ya utumishi iliandika miaka thelathini na nane tu, naye akawarudishia fomu yao ikiwa na alama nyekundu pembeni, kama anavyorudisha kila kitu ambacho mistari yake haikukutana.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye msoma prufu, yule anayesaka makosa kabla ya kuchapa, na kwa miaka ishirini na tisa meza yangu na yake zimetenganishwa na ubao mwembamba tu. Nimesikia kila chafya yake. Nimesikia anavyogombana na kalamu. Siku za furaha yake nimezijua kabla ya mkewe, maana akifurahi hupiga mluzi, na mluzi wake hauna wimbo wowote, unapanda na kushuka kama birika linalokaribia kuchemka. Kwa hiyo mnisamehe nikienda mbio. Nina habari kubwa, nina furaha iliyonizidi kimo, na mhariri wa jarida letu amenionya nisipitilize kurasa nilizopewa.

Habari yenyewe mnaijua nusu. Mwezi Januari ilikuwa imeamuliwa kwamba siku akitoka Mzee Nukta, na droo zake zitoke. Chumba cha michoro kingekuwa stoo ya wino wa mashine, na michoro yote ya mkono iliyomo kwenye lile kabati la chuma lenye droo kumi na nane ingechukuliwa na mnunuzi wa karatasi chakavu. Ilivyokuwa mpaka leo kabati lile limesimama pale pale, tena limepakwa rangi mpya, ndicho ninachotaka kuwasimulia. Lakini nianze mwanzo.

Alipoajiriwa hakuwa mzee wala hakuwa Nukta. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mashine yetu ya siku hizo haikujua rangi ya kijivu. Ilijua nyeusi na nyeupe basi: ama wino umegusa karatasi, ama haukugusa. Ukitaka kivuli, ukitaka shavu la mtoto lionekane la mviringo, ilikubidi uidanganye mashine. Wachoraji wengine waliidanganya kwa mistari iliyopishana. Yeye alidondosha nukta, moja moja, zikisongamana penye giza na kuachana penye mwanga. Picha yake ya kwanza ilikuwa sufuria ya maji inayochemka, ya kitabu cha sayansi, na ilimchukua siku sita. Mkuu wa mitambo, ambaye alikuwa akiingoja, alipita mlangoni mara ya nne akauliza kwa sauti kama kijana huyu anachora au anahesabu mchanga. Kufikia saa ya chai jina lilikuwa limeshika. Umzee uliletwa na mvi baadaye. Mimi naye akanipachika langu, Dada Mkato, kwa kuwa nashinda nikiwinda mikato iliyopotea, na wapo wageni wa ofisi hii wanaodhani ndivyo tulivyoandikwa kwenye vitambulisho.

Mzee Nukta amehama zama nne bila kuhama kiti. Alikuta mwaka wa mwisho wa herufi za risasi, zile zilizopangwa kwa vidole, moja baada ya nyingine, zikisomeka kinyumenyume, na picha zikichongwa kwenye ubao kwa patasi ndogo. Mchoraji aliyemtangulia ndiye aliyemfundisha kuchonga, na kovu la somo hilo bado liko kwenye kidole chake cha shahada. Ikaja kamera, chumba kizima cha kamera, iliyopiga picha kurasa zilizobandikwa kwa gundi: maneno hapa, mchoro pale, namba ya ukurasa chini, kila kitu kimekatwa kwa wembe na kunyooshwa kwa rula. Zikaja herufi za kusugua, zilizouzwa kwenye karatasi kama pipi, ambazo "a" zake ziliisha daima katikati ya kichwa cha habari, ikabidi achonge "a" kutoka kwenye "d". Mwisho ikaja kompyuta. Wengi walidhani ataikimbia. Aliizunguka siku mbili, akaigusa kwa kidole kimoja, kisha akaukuza mchoro kwenye kioo chake mpaka ukawa miraba mitupu, akacheka mpaka akashika ubao. Ilikuwa ni nukta. Kumbe na yenyewe inadanganya kwa nukta! Kuanzia hapo walikuwa marafiki.

Kiti chenyewe, kwa wanaotaka kujua, kimeshonwa upya mara tatu na mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia mstari wake umepinda.

Siwezi kuacha Somo la Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa nusu saa, Mzee Nukta alitoa mchoro mmoja kwenye droo, akauweka juu ya meza na kueleza ulikotoka. Hakuna aliyemtuma. Hapakuwa na posho wala cheti. Alieleza kwa nini herufi nyingine zina visigino, yaani vistari vya miguuni, na nyingine hazina. Alieleza jinsi mwandishi mmoja wa michezo ya kuigiza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alivyokuwa anatafuta njia rahisi ya kuchapisha kazi zake akagundua kwamba ukichora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe, kisha ukalilowesha maji, wino utashika mafuta na kukataa maji. Na kwamba mashine yetu kubwa kule chini, pamoja na kelele zake zote, bado inaishi kwa siri ile ile ya mafuta na maji. Alieleza mabango ya mitaani, jinsi yalivyowafundisha wachoraji kusema jambo moja kwa sauti badala ya mambo kumi kwa kunong'ona. Alipofika penye raha alisimama kwa vidole vya miguu. Wasikilizaji walikuwa wawili, siku njema wanne. Mimi nilihudhuria miaka yote kwa sababu ubao ni mwembamba.

Sasa nije kwenye kosa. Nililiombea ruhusa, na amenikubalia nilisimulie kwa sharti kwamba nisijitoe.

Miaka ishirini na tisa iliyopita tulikuwa tunatengeneza kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza. Ukurasa wa kumi na tisa una msichana aliyeinua mkono kujibu swali. Mhariri alisema mkono ni mdogo mno. Mzee Nukta akachora mkono mwingine kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya ule wa zamani, na kidole gumba cha zamani kikabaki kimechungulia nje ya kipande. Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Dawa yake ni wino mweupe, tone moja, na kamera haioni tena. Alikuwa ameshachovya brashi pale simu ya mapokezi ilipolia kumwita. Mkewe amejifungua. Mapacha! Mzee wetu akatoka mbio na chupa ya wino mweupe mfukoni, bila kofia na bila kuaga, na ukurasa ukachukuliwa mezani ukapelekwa kwenye kamera.

Kisha ukaja kwangu. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Ukurasa ule ulikuwa na maneno kumi na moja, nami niliyasoma mara saba, nikakuta nukta ya mwisho wa sentensi haipo. Niliiweka kwa kalamu nyekundu nikajisikia mtu wa maana sana. Picha sikuitazama kabisa. Nilidhani picha si kazi yangu.

Zilichapwa nakala elfu thelathini. Katika kila moja, msichana yule ameinua mkono wenye vidole sita.

Mkurugenzi wa wakati huo alitoa barua mbili za onyo, moja ya Mzee Nukta na moja yangu, na agizo la tatu kwamba kuanzia siku ile hakuna picha itakayokwenda kwenye mashine kabla vidole vya kila mtu aliyemo havijahesabiwa. Ukatengenezwa muhuri wa mpira. Herufi zake alizichora Mzee Nukta mwenyewe, kwa adabu ya mtu anayechora hukumu yake: VIDOLE VIMEHESABIWA. Muhuri huo nimeugonga kila siku ya kazi tangu hapo, na wapya wanaoajiriwa hucheka, mpaka waone uso wangu.

Baada ya miezi minane ikaja barua. Iliandikwa na mama mmoja, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara nyingi. Alisema binti yake alizaliwa na vidole sita mkono wa kulia, na tangu aanze shule alikuwa akiuficha mkono ule ndani ya sweta, hata kwenye joto, hata wakati wa kula. Siku moja mwalimu akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Mtoto mmoja darasani akahesabu, wote wakahesabu. Binti yake akautoa mkono kwenye sweta, akauinua juu kama yule wa kwenye kitabu, na mwalimu akamchagua ajibu. Mama yule hakutaka kitu. Alitaka tu mchoraji ashukuriwe, na aambiwe kwamba binti sasa analala na kitabu.

Mzee Nukta aliniletea barua ile, akaiweka juu ya prufu zangu, akarudi upande wake. Niliisoma nikalia. Siku hiyo hakupiga mluzi. Tulimwomba mkurugenzi kidole kibaki. Akasema kosa ni kosa. Toleo la pili likatoka na vidole vitano. Mzee alidondosha lile tone la wino mweupe alilochelewa kulidondosha, akaibana barua kwa pini nyuma ya mchoro, akaufungia ndani ya droo.

Na hapa lazima niwaeleze zile droo, maana hapo ndipo Januari tulipokwama. Mtu yeyote mwenye akili zake angepanga michoro kwa kitabu na mwaka. Mzee Nukta ameipanga kwa ugumu wake. Droo ya kwanza imeandikwa Mikono. Ya pili, Miguu. Iko droo ya Mvua, ya Moshi, ya Nguo Zilizokunjamana, ya Watu Wanaokimbia, ya Watu Wanaocheka, ya Magurudumu. Iko moja iitwayo Vichwa kwa Nyuma, ambayo anakiri ilijaa zaidi miaka aliyochoka kuchora nyuso. Iko nyingine iitwayo Samahani, na hiyo haifunguliwi mbele ya wageni. Ukimuuliza anasema mchoraji hatafuti kitabu. Mchoraji anatafuta namna ya kuishinda mvua.

Januari alipopewa habari kwamba chumba kitakuwa stoo, hakupandisha sauti. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, yenye pambizo nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma, akiomba kabati libaki. Alijibiwa kwa heshima kwamba kila kitu kilikwisha kuingizwa kwenye kompyuta miaka kumi na saba iliyopita, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Machi akaomba tena. Akajibiwa vile vile. Kusema kweli nilimwona akinyong'onyea. Somo la Ijumaa liliendelea, lakini alilifundisha akiwa ameketi. Siku moja aliniuliza kupitia juu ya ubao, kama mtu anayeuliza saa, "Dada Mkato, hivi karatasi chakavu wanaigeuza kuwa nini?" Nilimwambia makasha ya mayai. Akasema, "Aa." Neno hilo dogo liliniuma wiki nzima.

Mwezi Mei akaenda likizo yake ya mwisho, wiki tatu. Siku ya nne ya likizo ikaingia oda. Shule nyingi zilikuwa zimeungana kuomba kitabu cha darasa la kwanza kichapwe tena, lile toleo la zamani hasa, la kwanza, kwa kuwa walimu wa leo ndio waliolisoma wakiwa watoto. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote za mwaka, na mashine ilikuwa na nafasi baada ya siku tisa tu. Mkurugenzi wetu alifurahi, akamwagiza mbunifu wetu wa kompyuta afungue mafaili.

Mbunifu wetu ni dada hodari, mwenye vipokea sauti masikioni na subira haba. Alileta diski zote kumi na mbili. Tatu zilikuwa zimechunika. Tano hazikutambuliwa na mashine yoyote tuliyonayo wala ya jirani. Nne zilifunguka, na ndani yake michoro ilikuwa midogo kama stempu, iliyoingizwa na mtu aliyekuwa na haraka. Alipojaribu kuikuza, msichana wa ukurasa wa kumi na tisa akawa matofali.

Basi tukakimbilia kwenye kabati, sisi watatu: mimi, mbunifu na Mkurugenzi mwenyewe, akiwa amevua viatu vya visigino. Tulihitaji michoro sitini na minne. Tukavuta droo ya kwanza: Mikono. Mikono mia mbili, ya vitabu vyote, ya miaka yote. Tukavuta nyingine: Watu Wanaocheka, nao wakatucheka. Mkurugenzi alisimama katikati ya chumba na mchoro wa ng'ombe mkononi, akauliza kwa upole wa kutisha, "Jamani, huyu mzee alikuwa anatafutaje?" Kwa saa mbili tulipata michoro minne, na mmoja haukuwa wa kitabu hicho.

Mkurugenzi alimpigia Mzee simu yeye mwenyewe. Mzee Nukta alikuwa juu ya ngazi, anaandika upya kibao cha duka la ushonaji la mkewe. Alifika ndani ya saa moja, ana rangi ya bluu sikioni, amefuatana na mkewe aliyekuja kuhakikisha anarudi, maana kibao kilikuwa kimefika herufi ya tatu na wateja wameanza kubahatisha. "Baba Pacha," alimwambia mlangoni, mbele yetu sote, "nusu saa tu."

Alitumia dakika arobaini. Ningependa kila mfanyakazi wa kampuni hii angeona. Hakusoma lebo hata moja. Alifumba macho, akautaja ukurasa, akavuta droo. Ukurasa wa pili, Mvua. Wa tano, Magurudumu. Wa kumi na moja, Vichwa kwa Nyuma: "Samahani, niliumwa jino siku hiyo." Kila mchoro ulitoka mweusi, mkali, na alama zake za pembeni zikiwa mahali pake, tayari kwa mashine kana kwamba umechorwa asubuhi ile. Karatasi haikumwuliza mtu inafunguliwa na programu gani.

Alipovuta droo ya Mvua, mbunifu wetu alivua vipokea sauti. Sijawahi kumwona akivivua kwa hiari. Mle ndani mvua zote zimelala kwa mfuatano: chini kabisa mvua ya mchoraji wa kwanza, iliyochongwa kwenye ubao, mikwaruzo myeupe kwenye usiku mweusi, juu yake mvua ya kalamu, juu yake mvua ya nukta, juu yake mvua ya karatasi za mistari za kubandika, iliyonyooka kama nyuzi, juu kabisa mvua ya kompyuta ya mwaka jana. Ukizipekua upesi unaona zaidi ya nusu karne ya watu wakihangaika na jambo moja, kila mmoja akimwachia mwenzake hatua kidogo. "Mzee, mbona hukuwahi kuniambia?" aliuliza. Mzee akajibu, bila ubaya wowote, kwamba amemwalika kila Ijumaa kwa miaka sita. Dada yule akavuta kiti, akaketi, akaomba droo nyingine.

Wa mwisho ulikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Mzee aliutoa kwenye droo ya Mikono akasita. Mkurugenzi aliupokea, akaugeuza, akaiona barua imebanwa kwa pini. Hakuwa ameajiriwa enzi hizo. Kisa chote alikijua kama utani wa muhuri tu. Akaisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi juu ya rundo la Moshi. Mke wa Mzee Nukta, aliyekuwa akitazama saa, aliacha kutazama saa.

Kisha Mkurugenzi aliuliza jambo moja: toleo la kwanza, lile walimu wanalolitaka, lilikuwa na vidole vingapi? Nilimjibu mimi, kwa kuwa ndiye mwenye muhuri. Akauliza kama wino mweupe unaweza kutoka. Mzee Nukta akachukua wembe. Ana umri wa miaka sitini, jamani, na wembe wake ulikwenda sawa kama wa kijana. Alilikwangua lile tone taratibu, unga mweupe ukaanguka mezani, na kidole gumba cha siku ile mapacha walipozaliwa kikachungulia tena kana kwamba kilikuwa kimejificha tu. Nilipiga makofi. Sijui kwa nini. Wote wakapiga.

Kitabu kilikwenda mashineni siku ya tisa, na vidole sita. Kesho yake lilitoka tangazo mnalolijua: stoo itafutiwe mahali pengine, kabati libaki, chumba kibaki chumba cha michoro, na kila droo ipigwe picha upya, kwa ukubwa unaostahili, na mbunifu wetu ndiye msimamizi. Ameshaanza. Juu ya mvua zote, katika droo ile, sasa upo mchoro mmoja mpya wa kalamu na wino, wa kwake. Mzee aliutazama kwa lenzi kwa dakika nzima, akasema mvua hii inalowesha. Somo la Ijumaa nalo litaendelea mara moja kila mwezi, mkewe ameridhia, ila kibao kwanza kikamilike.

Mwaka huu nimesikia mluzi kupitia ubao siku ishirini na mbili mfululizo. Sijawahi kuchoka vizuri hivi.

Imebaki aya mbili nilizozificha kwa mhariri wa jarida mpaka dakika ya mwisho. Miaka mitatu baada ya agizo la kufuta kile kidole, ilikuja mezani kwangu prufu ya kitabu cha hesabu cha darasa la tatu. Ukurasa wa hamsini na mbili una watoto wengi uwanjani. Nikaanza kuhesabu kama nilivyoamriwa. Safu ya nyuma, mtoto mmoja ameinua mkono, na mkono ule ulikuwa na vidole sita. Nikahesabu tena. Mzee Nukta mwenyewe ndiye aliyeileta prufu, na alikuwa amesimama pembeni ya ubao akitazama dirisha kwa bidii ya mtu asiyetazama chochote. Nikaikumbuka sweta ya yule binti. Nikachukua muhuri, nikaugonga. Tangu siku hiyo, Bi Mkurugenzi, nakuomba radhi hapa mbele ya wote, na barua ya onyo nitaipokea kwa mikono miwili, yupo mtoto mmoja wa vidole sita katika kila kitabu cha picha kilichotoka kwenye nyumba hii. Wako arobaini na mmoja. Wengine wanabeba maji, wengine wanaruka kamba, mmoja ni golikipa.

Mzee wangu, miaka yote hiyo hukuniambia, nami sikukwambia. Ulidhani macho ya Dada Mkato yamechoka. Hayakuchoka. Nimeorodhesha kila kitabu na kila ukurasa, na orodha iko kwenye droo ya Mikono, nyuma ya mchoro wa ukurasa wa kumi na tisa, pamoja na ile barua, ili atakayekuja baada yetu ajue kwamba haikuwa bahati mbaya. Asante kwa nukta zako zote. Asante kwa kunifundisha kutazama picha. Sisi sote tunakutakia siku ndefu zenye mwanga wa kutosha, wino usiokauka, na kibao cha Mama Pacha kifike herufi ya mwisho salama. Vidole nimevihesabu vyote, kimoja kimoja, na vyote viko sawa.